Mwani Hatari Ndani ya Mwamba: Kutafuta Kisababishi Kabla ya Kupiga Mbiu

Mwongozo huu ni wa watu wanaopima maji ya ndani ya mwamba: wanafunzi wa sayansi za bahari, kamati za wavuvi, wakulima wa mwani, na yeyote aliyekabidhiwa mita, chupa na daftari akaambiwa aanze kazi. Mifano mingi ni ya pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Ghuba ya Chwaka kushuka Paje na Jambiani, ambako mwamba huzuia mawimbi na kuacha maji ya kina kifupi kati yake na ufuo. Anayepima Gazi au Mida huko Kenya, au Kilwa, atakuta mengi yanamhusu pia.

Malalamiko yanayoletwa ni yale yale mwaka hadi mwaka: maji yamekuwa mekundu, samaki wanaelea, mita inadanganya, kina mama wanawashwa. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi cha kawaida kinatangulia. Msimamo wangu utauona kila mahali: kabla hujaulaumu mwani, uliza ilikuwa saa ngapi na maji yalikuwa wapi. Mingi ya "milipuko" inayoripotiwa huwa ni maji kupwa tu.

Ili tusichanganyane, nikisema mwani wa shamba nina maana ya ule unaofungwa kwenye kamba na kuuzwa. Mwani mdogo ni viumbe vya kuonekana kwa hadubini, vinavyoelea majini au kushika juu ya majani na mawe. Hivyo ndivyo vinavyoweza kulipuka, yaani kuongezeka ghafla kwa wingi, na kutoa sumu.

Kama kuna mtu anaumwa, acha kupima

Mtu aliyekula chaza, kombe, samaki wa mwambani au nyama ya kasa, kisha akasikia ganzi midomoni, vidole kuchomachoma, kizunguzungu, kutapika mfululizo au pumzi kuwa nzito, apelekwe hospitali papo hapo. Sumu ya chaza inayopooza inaweza kuanza kuonekana ndani ya nusu saa, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kinachomwokoa mgonjwa ni kusaidiwa kupumua hadi mwili uitoe wenyewe, kazi ambayo haifanyiki nyumbani. Maziwa na maji ya dafu yanapoteza muda. Mabaki ya chakula, hata maganda, yatie kwenye mfuko yaende pamoja na mgonjwa.

Kupika hakusaidii. Kisiwani Pemba mwaka 2021 watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na Machi 2024 wakafariki wengine tisa katika Kisiwa Panza, wanane kati yao watoto. Sumu ya kasa inahusishwa na mwani wenye sumu ambao mnyama huyo hula. Nyama inaiva, sumu inabaki, na ladha haibadiliki.

Dalili ya 1: Klorofili au virutubisho vinapanda wiki hii, vinashuka wiki ijayo

Klorofili ni rangi ya kijani ya mimea na mwani, na hupimwa ili kukadiria wingi wa mwani mdogo majini. Hili ndilo lalamiko linalokula muda mwingi kuliko yote. Mtu anakuja na grafu yenye meno ya msumeno, wiki juu wiki chini, na ameshaandika kichwa cha habari kuhusu mlipuko wa mwani.

*Kisababishi cha kwanza: ratiba yako na bahari haziendi pamoja.* Pwani yetu ina tabia moja ambayo kila mvuvi anaijua. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), maji hukupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, saa hizo hizo ndipo yanapojaa. Sasa mtu aliyejiwekea kupima kila Jumatano saa nne asubuhi, wiki moja atachota maji ya kupwa kwa bamvua, yaani yaliyotoka mikokoni, yakapita juu ya majani ya bahari na kuchanganyika na chemchemi za maji baridi zinazovuja ufukweni. Wiki inayofuata, saa ile ile na mahali pale pale, atachota maji ya bahari kuu yaliyoingia kupitia mlango wa mwamba. Hayo ni maji mawili tofauti. Anayepima kila baada ya wiki mbili yuko pabaya zaidi, kwa sababu atapata grafu laini ya kupendeza ya maji ya aina moja tu, na nusu nyingine ya ghuba hataiona kamwe.

Hakiki hivi: rudi kwenye daftari na kando ya kila namba andika saa ngapi zilipita tangu maji yajae, chumvi ilikuwa ngapi na joto lilikuwa ngapi. Jedwali la kupwa na kujaa linapatikana bandarini. Kisha chora klorofili dhidi ya chumvi. Kama klorofili inapanda kila chumvi inaposhuka, unaangalia maji ya nchi kavu na mikoko yakitoka. Kama klorofili imepanda na chumvi haikutikisika, hapo una haki ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Dawa yake ni kupanga ratiba kwa maji badala ya saa ya ukutani: kwa mfano, saa mbili baada ya maji kujaa, siku zote, hata kama utaamka usiku. Na angalau mara moja katika kaskazi na mara moja katika kusi, kaa kituo kimoja saa kumi na mbili ukichota kila saa. Inachosha, jua linachoma, nahodha atalalamika. Lakini siku hiyo moja itakueleza ghuba inapumua vipi kuliko miezi ya kuchota kwa kubahatisha.

*Cha pili: miguu yako.* Ukitembea majini unatibua mchanga, na mchanga wa ndani ya mwamba umejaa mwani mdogo unaoishi chini. Simama, subiri mkondo usafishe, chota upande maji yanakotoka.

*Cha tatu: sampuli imeungua.* Klorofili inaharibika kwa mwanga na joto. Chupa iliyokaa juu ya ubao wa ngalawa dakika 20 si sampuli tena. Tia kwenye deli lenye barafu, funika na kitambaa cheusi, chuja siku hiyo hiyo, na karatasi iliyochujiwa igandishwe. Mara nyingi pia mtu husahau kuandika alichuja kiasi gani, lita nzima au nusu lita, na hapo namba yote inakuwa kisio.

*Cha nne: chupa chafu,* hasa kwa fosfeti na amonia. Sabuni ya unga ina historia ya kuchafua vipimo vya fosfeti. Chupa zioshwe kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha maji yaliyokenekwa. Anayevuta sigara asishike chupa za amonia. Njia rahisi ya kumkamata mhalifu ni sampuli tupu: jaza chupa kwa maji yaliyokenekwa, ipitishe safari nzima, ifungue na kuifunga baharini kama nyingine, ipime. Ikionyesha fosfeti, tatizo ni lako, si la ghuba.

Asidi na asetoni si vya kuchezea jikoni. Kama huna glovu, miwani na chumba chenye hewa, wapelekee wenye maabara wafanye.

Dalili ya 2: Maji yamebadilika rangi

Anza na bilauri. Chota maji, weka bilauri juu ya karatasi nyeupe kivulini, subiri nusu saa bila kuitikisa. Halafu mimina kidogo kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Vitu hivi viwili vinamaliza kesi nyingi.

Chembe zikitua chini na kuacha doa la kijivu au udongo kwenye kitambaa, ni tope. Masika na upepo wa kusi huleta hali hii kila mwaka.

Maji yakibaki ya kahawia lakini yanapitisha mwanga, hayatui, na yanapita kwenye kitambaa bila kuacha kitu, ni rangi ya majani ya mikoko. Upande wa kusini wa Ghuba ya Chwaka, kwenye mkono wa Mapopwe, ni hali ya kawaida maji yanapokupwa. Wageni huogopa sana hapo.

Vitu vikielea juu, angalia umbo. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na kupata joto, hutokea mistari mirefu ya rangi ya hudhurungi juu ya maji inayofanana na unga wa mbao. Hiyo ni Trichodesmium, mwani mdogo wa jamii ya bakteria unaojitengenezea naitrojeni kutoka hewani, ambao umechunguzwa karibu na Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Ukiangalia bilauri kwa makini utaona vijinyuzi vya milimita moja au mbili vilivyofungamana kama vishada. Iache bilauri hadi kesho: seli zikifa, maji yanageuka waridi. Watu huripoti kuwa meli imemwaga mafuta au karo la hoteli limepasuka, kumbe ni hiyo. Nje ya mwamba ni jambo la kawaida. Tatizo linaanza upepo unapoisukuma hadi kwenye kona isiyo na mkondo ikaoza; hapo inanuka na inamaliza oksijeni, na unapaswa kuhamia dalili ya 4.

Kama vinavyoelea ni chembe za duara za waridi, vina shombo kali, na mwezi mpevu ulipita siku chache zilizopita, ni mayai ya matumbawe. Furahi, piga picha.

Kama ni utando unaong'aa kwa rangi nyingi, uchome kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande visivyoungana tena, umetokana na bakteria au mwani unaooza. Ukijifunga upya mara moja, ni mafuta.

Likibaki swali, yaani maji yamekuwa na rangi nyekundu, kahawia au kijani, hayatui, hayaelei, na kitambaa kimepata rangi, jaribu mwanga. Funika nusu ya bilauri kwa karatasi nyeusi, iweke mahali penye mwanga wa kawaida kwa saa moja, kisha ondoa karatasi. Rangi ikiwa imekusanyika upande wenye mwanga, una viumbe vinavyoogelea, na kundi la dinoflajelati, mwani mdogo wenye vijimkia vya kuogelea, ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Ndani ya kundi hilo wamo wanaotoa sumu ya chaza. Simama hapo: watu wasiogelee, wasichume chaza wala kombe, na sampuli ziende kwa mtaalamu. Usionje maji, na usimwache mtoto "ajaribu" chaza kuona kama wako salama.

Maji yanayowaka usiku ukipiga kasia kwa kawaida ni Noctiluca, wa kundi hilo hilo la dinoflajelati. Hana sumu ya kumwua mtu, lakini akiwa wengi sana huacha amonia na maji yasiyo na hewa.

Kuna kinyume chake ambacho watu hukisahau. Maji meupe safi si cheti cha usalama. Alexandrium, dinoflajelati mwingine, anaweza kuweka sumu kwenye chaza akiwa seli mamia machache tu kwa lita, na hapo maji hayana rangi yoyote. Gambierdiscus, anayesababisha sumu ya ciguatera kwa samaki wakubwa kama chewa na mkunga, hata haelei: anakaa juu ya mwani mkubwa na matumbawe yaliyokufa. Ukichota maji lita 100 humpati. Yeye hutafutwa kwa kukata mwani, kuutikisa kwa nguvu ndani ya chupa ya maji ya bahari, na kuchuja kinachotoka.

Dalili ya 3: Mita ya oksijeni inatoa namba za ajabu

*Namba ziko juu siku zote.* Asilimia kubwa ya mita zinazolalamikiwa zimeachwa kwenye chumvi sifuri. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya kisima: kwa nyuzi 28, maji baridi yaliyoshiba hewa yana takriban miligramu 7.8 kwa lita, na maji ya chumvi ya 35 yana takriban 6.4. Mita inayodhani iko kisimani itakuzidishia zaidi ya asilimia 20. Ingia kwenye menyu, weka chumvi sahihi, na namba za zamani zirekebishe kama uliandika joto na chumvi. Kama hukuandika, ziache.

*Namba ziko juu mchana tu.* Huenda ni kweli. Majani ya bahari na mwani kwenye maji ya kina kifupi hutengeneza oksijeni nyingi adhuhuri, utaona hata mapovu yakipanda kwenye majani. Kushiba kwa asilimia 120 au zaidi saa nane mchana ndani ya mwamba hakumaanishi mita imeharibika, na hakumaanishi mlipuko. Pima tena alfajiri. Tofauti ya alfajiri na mchana ndiyo inayokueleza ukubwa wa uhai uliomo.

*Namba zinashuka taratibu ukiwa umeshika kihisi.* Kama mita yako ni ya utando wa zamani, kihisi chenyewe kinakula oksijeni iliyo mbele yake. Kizungushe polepole au kiache kwenye mkondo. Kihisi cha mwanga hakina tabia hii.

*Namba zinarukaruka.* Toa kihisi, angalia utando dhidi ya jua. Povu la hewa ndani, mkunjo au tundu, badilisha utando na maji yake. Ukiona utelezi wa kijani juu yake, ufute kwa kitambaa laini chenye maji, bila sabuni.

*Imekataa kalibresheni, yaani kusawazishwa usomaji wake.* Mara nyingi imefanyiwa juani. Weka sponji yenye unyevu kwenye kikombe cha mita, maji yasiguse kihisi, kaa kivulini dakika 10 hadi 15 joto litulie, kisha soma. Inapaswa kutoa asilimia 100, kupungua au kuzidi mbili. Ikishindwa mara ya pili kwa utando mpya, usiendelee kuibembeleza. Linganisha na kipimo cha Winkler (kupima oksijeni kwa kemikali) katika maabara, na kama vinapishana, mita iende kwa fundi aliyeidhinishwa na watengenezaji. Kufungua kihisi kwa bisibisi ni kukizika.

Dalili ya 4: Samaki wanaelea au wanatweta

Hapa usianze na mita. Anza na macho, na anza mapema, kwa sababu ushahidi unaoza na jua likipanda.

Cha kwanza kuondoa ni mkono wa binadamu. Baruti huacha samaki laini, uti wa mgongo umevunjika, damu tumboni, wamekufa wote kwa mara moja mahali pamoja. Utupa huua samaki wa dimbwi au pango fulani wakati wa kupwa, na mara nyingi kaa na kamba wa hapo hapo wako hai, kwa kuwa sumu yake inawapata samaki zaidi. Pia wapo samaki waliotupwa kutoka kwenye juya: wadogo, wa ukubwa mmoja, wenye alama za nyavu. Wavuvi wa jirani huwa wanajua jibu kabla yako. Waulize kwa adabu, wasalimie kwanza, usiwafanye watuhumiwa.

Cha pili ni joto la bamvua. Madimbwi yanayobaki juu ya mwamba saa tano asubuhi hupata joto kali, na tasi wadogo hufia humo. Kama maiti ziko madimbwini tu, umemaliza.

Cha tatu ni kukosa hewa. Dalili zake ni saa na tabia. Samaki huonekana alfajiri, wale wakubwa hutangulia, walio hai wamepanua midomo juu ya maji, mikunga wanatoka mapangoni, kaa wanapanda mawe. Chini ya miligramu 2 kwa lita viumbe wengi wa chini hawastahimili. Chini ya 5 wengine tayari wana dhiki. Kosa la kawaida ni kufika saa tatu, kupima 5.5 na kuandika "oksijeni ni nzuri." Jua limeshafanya kazi yake. Rudi kesho saa kumi na moja alfajiri, pima juu na chini, hasa penye mwani unaooza au tope jeusi. Kama chumvi ya juu ni ndogo kuliko ya chini, mvua imeweka kifuniko cha maji baridi na ya chini hayapati hewa. Mar Menor, bwawa la chumvi la pwani ya Hispania, lilipata hali hiyo baada ya mafuriko ya 2019: Oktoba samaki na kamba walijibana ufukweni wakitafuta maji yenye hewa, wakafia hapo. Chwaka husafishwa na kupwa na kujaa kwa nguvu kuliko Mar Menor, lakini kona zake za ndani hazisafishwi sawa na mlango wake.

Cha nne ni sumu au mwani unaoharibu mashavu. Shuku hivyo vifo vikiendelea mchana kutwa ilhali oksijeni ni nzuri, wakifa samaki wa aina na ukubwa mbalimbali, mashavu yakiwa na ute mwingi au kuvuja damu, au ndege wanaokula samaki wakiyumba. Mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa kwa wingi Kiunga, kaskazini mwa Kenya, na kuendelea upande wa Somalia, na mwani wa baharini ndio uliohusishwa.

Cha tano, nadra zaidi, ni kemikali iliyomwagwa. Tafuta mfereji, bomba, au shamba lililopuliziwa dawa kabla ya mvua.

Simama na uwaite wataalamu mara tu sababu ya nne au ya tano inapowezekana. Mwambie sheha na bwana samaki, samaki wasiuzwe, wasikaushwe, kuku na paka wasipewe. Vaa glovu, chagua watatu wanne wanaotweta bado, si waliooza, wagandishe bila kuwapasua.

Dalili ya 5: Wakulima wa mwani wanawashwa

Kilimo cha mwani kilishika Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni wanawake, kwa hiyo hili linawapata wao kwanza. Wakija kwako, usiwaambie ni chumvi tu.

Ingawa mara nyingi ni chumvi kweli: ngozi iliyolowa saa nne, jua, na kamba inayosugua. Vipele viko mikononi na kwenye mapaja, na vinapungua wakipumzika siku mbili. Kinachofuata ni konyeza na viumbe vidogo vinavyochoma vinavyoota kwenye kamba. Hivyo huuma mara moja, kwa mistari au madoa.

Cha tatu ni nywele. Pekua kamba: ukiona nyuzi laini za kahawia iliyokoza au kijani cheusi, zimejizonga kwenye taitai (vijikamba vya kufungia mwani) na matawi ya mwani, zinateleza na kunuka, shuku Moorena producens, ambayo zamani iliitwa Moorea producens na kabla yake Lyngbya majuscula. Sumu yake hutoa vipele na malengelenge ndani ya dakika hadi saa kadhaa, na alama yake ni kwamba huwa vibaya zaidi chini ya nguo, mahali nyuzi zilipobanwa, na kwenye macho na midomo. Moreton Bay huko Australia imesumbuliwa nayo kwa miaka mingi.

Aliyeguswa avue nguo, ajimwagie maji baridi mengi, asijisugue. Shambani, mikono mirefu, glovu na miwani ya kuzamia. Nyuzi zinyofolewe na kupelekwa juu ya mstari wa maji ya bamvua. Ukizitupa pembeni mkondo utazipeleka kwa jirani. Na zisianikwe upepo unakoelekea nyumbani, kwa sababu vumbi lake likikauka linawasha macho na pua. Malengelenge makubwa, macho kuvimba au kifua kubana ni kazi ya daktari.

Uchunguzi wa ndani zaidi ni kuuliza kwa nini zimeota hapo. Ukanda huu umekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachoingia kwenye choo cha shimo au karo lisilo na sakafu hutokea ufukweni na maji ya chini ya ardhi. Pita na mita ya chumvi wakati wa kupwa, ukifuata ufuo hatua kwa hatua. Pale chumvi inaposhuka ghafla, chota maji ya naitreti. Ramani hiyo ndogo ina thamani kuliko mabishano na mwenye hoteli.

Mwani mnene, aina moja ya mwani wa shamba, ukigeuka mweupe na kukatika, hilo ni jingine: joto na mabadiliko ya chumvi huudhoofisha, bakteria humalizia. Hauwashi.

Dalili ya 6: Hadubini haionyeshi kitu, au inaonyesha maganda

Pengine wavu wako una matundu makubwa; kwa mwani mdogo tumia wa mikromita 20. Pengine hukusubiri: mililita 10 kwenye chemba ya kutuliza zinahitaji usiku mzima. Lugoli (dawa ya aidini ya kuhifadhia sampuli) iliyokaa juani au kwenye chupa ya plastiki inapoteza nguvu. Sampuli iliyowekwa dawa vizuri ina rangi ya chai ya rangi, na ikififia ongeza tone. Baadhi ya seli hupasuka kwa dawa, kwa hiyo siku zote beba chupa ya pili isiyo na dawa, kivulini, bila kuigandisha, uitazame ndani ya saa chache. Kutaja spishi kwa picha ya simu usithubutu. Wengine wanatofautishwa kwa vibamba vya ganda au kwa vinasaba tu.

Dalili ya 7: Setilaiti inaonyesha kijani, majini hakuna kitu

Umeona majani ya bahari. Kwenye maji ya kina kifupi setilaiti inasoma sakafu na kudhani ni klorofili. Setilaiti ya Sentinel-3 pia ina pikseli za mita 300, na moja inaweza kumeza ufuo, mwamba na mawingu pamoja. Itumie kwa maji ya nje ya mwamba, na ndani tumia ngalawa.

Unapompigia mtaalamu

Sumu yenyewe haipimwi na mita ya mkononi wala kwa wingi wa klorofili. Nchi nyingi hufunga uchumaji wa chaza nyama ikifika mikrogramu 800 za saksitoksini (ile sumu ya chaza inayopooza) kwa kilo, na kiasi hicho hupimwa maabara. Kwa Zanzibar anza na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja, kwa Kenya KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) Mombasa, na ofisi ya uvuvi ya eneo lako ijue siku hiyo hiyo.

Kabla hujapiga simu kuwa na haya mkononi: saa na hali ya maji, joto, chumvi, oksijeni ya juu na chini, upepo unavuma wapi, picha ya maji yenye kitu cha kulinganishia ukubwa, chupa mbili (moja na Lugoli, moja bila), maji yaliyochujwa na kugandishwa kwa ajili ya virutubisho, na kama kuna chaza, nusu kilo ya nyama iliyogandishwa. Chupa ziandikwe kwa penseli juu ya karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wino wa kalamu ya kawaida unafutika kwenye deli kabla ya kufika mjini.